Tamko la Kiongozi Halihamishi Bikoni

Sisi wa wilaya ya Bagamoyo, ambako Hifadhi ya Taifa ya Saadani inashuka hadi ufukweni mwa Bahari ya Hindi, hatuna haja ya kubishana iwapo wanasiasa waguse mambo ya wanyamapori au wayaache. Waliyagusa zamani. Septemba 1961, hata Uhuru haujapatikana, Mwalimu Nyerere aliahidi pale Arusha kwamba wanyamapori watalindwa, na hadi leo sheria inampa Rais, kwa ridhaa ya Bunge, mamlaka ya kutangaza hifadhi ya taifa na kubadili mipaka yake. Ninalolalamikia mimi ni tamko linalotolewa jukwaani, likapigiwa makofi, kisha likaachwa hapo hapo.

Januari 2019 Rais Magufuli alisitisha kuondolewa kwa vijiji 366 vilivyodaiwa kuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, akaagiza mawaziri wakalipitie suala hilo. Naona alifanya haki, kwa sababu vingine vilikuwa na shule, zahanati na makaburi ya wazee. Lakini mkulima aliyesikia redioni kwamba haondolewi hakuambiwa anabaki hadi wapi, na askari wa hifadhi naye aliendelea kushika ramani ile ile ya jana. Wawili hao wakikutana shambani, kila mmoja ana serikali yake mkononi.

Huku kwetu mpaka ni chakula. Mahindi yakianza kubeba, watu hupeana zamu za kulala kwenye dungu, na mabua yakisikika yakivunjika gizani, aliye juu hupiga debe na kumulika tochi huku akiomba tembo wawe wamekwisha shiba kwa jirani (dua mbaya, lakini huombwa). Asubuhi hasara inaandikwa ili kudai kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, ambacho kwa kanuni hutegemea pia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na aliyelima karibu mno hapati kitu. Kwa hiyo bikoni, ile alama ya mpaka iliyosimikwa ardhini, ikiwa na utata, huyu mtu amepoteza mazao, na madai yake yanaishia mezani kwa ofisa.

Ndiyo maana sishangilii sana kiongozi anayepiga picha getini mwa hifadhi, wala yule anayekuja wakati wa kampeni kuapa kwamba hakuna atakayetuhamisha. Akitaka kweli kusaidia, awalete wapimaji, mipaka itembelewe kwa miguu pamoja na wazee wa kijiji na wahifadhi, na pale inapobidi kubadilishwa, suala lipelekwe bungeni na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Ramani itakayotokana na kazi hiyo ibandikwe katika ofisi ya kijiji, mahali ambapo mwenye shamba ataisoma bila kuomba ruhusa ya mtu.