Boya moja halitoshi

Tarehe 18 Julai 2012, boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, kusi likiwa limeshika. Tangu siku ile, kila nikisikia redioni kwamba mawimbi yatakuwa makubwa, moyo huniuliza: makubwa kiasi gani, na wapi hasa?

Utabiri ni hesabu, na hesabu huhitaji kipimo. Setilaiti ya Sentinel-6 hupima urefu wa mawimbi kutoka angani, lakini hurudi juu ya njia ileile kila baada ya siku 10 hivi, na karibu na nchi kavu vipimo vyake huchafuka. Nahodha wa Nungwi anataka kujua bahari ya saa hii. Bila maboya majini hatajua.

Boya la kupimia mawimbi laweza kuwa dogo la kubebwa na mtu mmoja. Ndani mna kihisi cha mchapuko, yaani kifaa kinachohisi mwendo unavyobadilika kasi: wimbi likilipandisha na kulishusha, kihisi husoma mara kadhaa kwa sekunde, hesabu hufanywa humohumo, na baada ya nusu saa hivi jibu hurushwa bila waya. Kazi iko kwenye kurusha. Maji ya chumvi humeza mawimbi ya redio, na boya likiingia bondeni kati ya mawimbi mawili, antena yake haiioni pwani. Ndiyo maana nataka maboya kadhaa madogo yanayopokezana taarifa, moja likifichika jingine lidake, kuliko boya moja la fahari.

Na namba yenyewe watu waelezwe. Kipimo kikisema mita 2, huo ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Wimbi mojamoja laweza kukaribia mita 4. Kwa ngalawa, tofauti hiyo ni roho za watu.

Wapo wanaosema wavuvi watayaharibu maboya hayo. Kweli, maboya ya RAMA, mtandao wa utafiti wa bahari na hali ya hewa katika Bahari ya Hindi, yameharibiwa mara nyingi na vyombo vya uvuvi. Samaki hupenda kivuli cha kitu kinachoelea, na mvuvi humfuata samaki. Basi wavuvi wa diko ndio wapewe kazi ya kuyalinda na kuyaosha mwani, na walipwe. Kipimo kiwafikie wao kwanza, kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya kitochi, saa kumi alfajiri, kabla hawajatweka tanga.