Kristali ya kumuaga mstaafu: heshima kweli au hela ya bati imepotea?

Mnaofanya kazi Dodoma mnajua, toka wizara zihamie huku hauishi mwezi bila mtu kuagwa, na mtu akiagwa lazima kamati ikae, na kamati ikikaa lazima watu wagawanyike. Safari hii ofisini kwetu kuna mzee anastaafu anarudi kwao Kongwa. Kundi moja linataka apewe kristali, ile yenye picha yake na miaka ya utumishi ndani halafu inawaka taa kwa chini, kundi lingine linasema jamani mzee anamalizia nyumba mpeni bati. Grupu la WhatsApp limewaka moto. Mi naona wote wana hoja ila wote kuna kitu wamekiruka.

Watu wa bati wanasema kile ni kioo tu. Na kwa kweli ni kioo. Wauzaji wengine wanakuuzia kwa lugha kama vile ni jiwe limechimbwa mahali, hapana, jiwe la kweli tunalo sisi, Haneti hapo kuna krisoprasi ya kijani na Winza kule Mpwapwa kuna rubi, hii yenyewe ni mchanga wa silika umeyeyushwa kwenye tanuru. Silika peke yake inataka kama nyuzi 1,700 za joto ndo iyeyuke, kwa hiyo wanachanganya na magadi soda ili joto linalohitajika lishuke na chokaa ili kioo kisije kuyeyuka kwenye maji, hapo unapata kioo cha dirisha na chupa ya soda.

Kilichofanya kristali iwe kristali ni risasi, namaanisha madini ya risasi. Uingereza miaka ya 1670 kulikuwa na George Ravenscroft, alipata hataza, yaani haki ya kukitengeneza peke yake, ya kioo chake 1674 pale London, sasa vyombo vyake vya mwanzo vilikuwa vinaota vinyufa vidogo vidogo mpaka vinafifia, akaja kuongeza oksidi ya risasi mambo yakakaa sawa. Risasi inaongeza uzito, inafanya kioo kiwe laini kuchonga na kinapinda mwanga zaidi, ndo maana ukikigeuza dirishani kinatupa rangi za upinde wa mvua ukutani na ukikigonga kwa ukucha kinalia kwa muda kabla hakijanyamaza. Ulaya wana sheria yake toka 1969, kuitwa kristali ya risasi lazima oksidi hiyo ifike asilimia 24, daraja la juu kabisa asilimia 30. Halafu lazima kipoozwe polepole sana, ukikiharakisha kinabaki na mvutano ndani, siku moja kinapasuka chenyewe kabatini bila kuguswa na mtu. Baada ya hapo ndo wanachonga na kung'arisha, na gharama kubwa ya kristali za viwanda vyenye majina kama Baccarat na Waterford iko kwenye mikono hiyo.

Sasa ile ya kamati yetu siyo hiyo. Zile za picha ndani nyingi ni kioo kinaitwa K9, kinatoka China, hakina risasi kabisa, kisafi hakina ule ukijani unaouona ukitazama ubavu wa kioo cha dirisha. Picha inawekwa na leza, mwanga wake unakutana sehemu moja katikati ya kioo na kutengeneza kaufa kadogo kama nukta nyeupe, halafu nukta nyingine, maelfu kwa maelfu mpaka sura ya mzee inatokea. Sogeza jicho karibu utaona uso wote ni vidoti, mashavu yana vingi, macho vichache. Mi sidharau hiyo kazi, ila tuelewane kwamba imefanywa na mashine na kompyuta, kwa hiyo mtu akikutajia bei ya kama vile fundi alikaa na patasi wiki nzima we bishana naye tu.

Upande wa kristali nao wana jambo lao. Bati zikishapigwa misumari zimeshakuwa nyumba, nani atakumbuka zilitoka kwa nani, na bahasha usiseme, hata Mbande, njiani kwenda Kongwa, haijafika imeshapangiwa matumizi. Mzee katumikia watu ujana wake wote, kuna raha ya kukaa sebuleni mgeni anauliza hiki nini na we unaanza kuhadithia. Hiyo haki anayo. Wanaosema mzee wa kijijini hana haja na mapambo wanamkosea adabu, mi hapo siko nao kabisa.

Ila ukubwa wa nini? Naona kakubwa kama matofali mawili kanapendekezwa na hapo ndipo hela inapokwenda, wakati kadogo ka kushika mkononi kanabeba jina lile lile na miaka ile ile. Chukueni kadogo, zinazobaki zote bati. Na mumwambie asikafute vumbi kwa kitambaa kikavu, vumbi letu la huku lina mchanga na mchanga unakwaruza, akasuuze na maji kwanza. Kama ni ka duara kasikae dirishani penye jua maana kanakusanya miale kama lenzi, pazia linaweza kushika moto.

Kuna mmoja kapendekeza jagi la kristali la kuwekea mvinyo wa Dodoma. Kama ni la risasi hilo hapana, mvinyo una asidi na ukikaa humo muda mrefu unanyonya risasi, kumimina na kunywa jioni hiyo hiyo siyo tatizo kubwa ila mzee ataweka mwezi mzima akisubiri wageni.

Na aliyepewa kazi ya kupeleka jina kwa fundi aliandike kwenye karatasi, mzee mwenyewe alisome kabla. Nimeshaona ukumbini kristali imeandikwa "Mstafu", na nukta zikishaingia ndani ya kioo hakuna wa kuzifuta.