Techem na bili ya joto: anayelipa si anayechagua
Techem, kampuni inayopima matumizi ya joto katika majengo ya ghorofa na kuwagawia wakazi gharama zake, ilianzishwa Frankfurt mwaka 1952, miji ya Ujerumani Magharibi ilipokuwa ikijengwa upya baada ya vita. Jengo la ghorofa likipashwa joto na boila moja, yaani mtambo wa kuchemshia maji, huzuka swali la nani alipe kiasi gani, na kifaa kilichotumika kwa miaka mingi kulijibu hakikuwa mita hasa. Kilikuwa kichupa cha kioo chenye kimiminika, kilichofungwa kwenye redieta, yaani chombo cha maji moto kinachopasha chumba joto: kadiri redieta ilivyopata moto ndivyo kimiminika kilivyogeuka mvuke, na mara moja kwa mwaka msomaji alipita chumba kwa chumba kuangalia kilichobaki. Kwa kuwa kimiminika hupungua hata katika majira ya joto, redieta zikiwa zimezimwa, kilijazwa kupita alama ya sifuri ili kufidia upungufu huo.

Ufundi huo peke yake usingeikuza biashara hii kama ilivyokua. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973 na tena 1979, kanuni ya mwaka 1981 iliwataka wenye majengo wagawe asilimia 50 hadi 70 ya gharama za joto kwa kufuata matumizi, na zilizosalia kwa ukubwa wa nyumba. Kwa maneno mengine, serikali iliwapa wapimaji soko lisilokauka.

Wanaoitetea kanuni hiyo husema si haki mpangaji mwangalifu kumlipia jirani anayeacha dirisha wazi mwezi Januari. Wanaoipinga hujibu kwamba joto hupenya kuta, hivyo anayeishi katikati ya jengo hunufaika na redieta za wenzake, ilhali wa pembeni au wa ghorofa ya juu hulipa zaidi hata akijibana. Pingamizi hilo ni la kweli, ila sehemu inayotozwa kwa ukubwa wa nyumba hulipunguza makali.

Lawama ninayoiona nzito zaidi haihusu upimaji wenyewe. Kampuni huchaguliwa na mwenye nyumba, lakini gharama yake huingizwa katika bili ya mpangaji, kwa hiyo mwenye uwezo wa kuchagua hana sababu kubwa ya kutafuta nafuu. Mwaka 2017 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani, Bundeskartellamt, ilieleza kwamba Techem na mshindani wake ista kwa pamoja zilishika zaidi ya nusu ya soko, na kwamba mikataba mirefu pamoja na vifaa visivyosomeka na kampuni nyingine viliwazuia wateja kuhama. Mwaka uliofuata Techem iliuzwa kwa takriban euro bilioni 4.6, bei ya namna hiyo hailipwi kwa ajili ya vichupa, hulipwa kwa ajili ya bili zenye uhakika wa kurudi kila mwaka.

Marekebisho ya kanuni ile ya 1981, yaliyofanywa mwaka 2021, yaligusa sehemu ya tatizo: vifaa vipya sharti visomeke kwa mbali na viweze kusomwa na kampuni nyingine, vya zamani vibadilishwe au viboreshwe kufikia mwisho wa 2026, na mpangaji ambaye vifaa vyake husomwa kwa mbali apewe taarifa ya matumizi yake kila mwezi. Mkataba, hata hivyo, bado hutiwa saini na mwenye nyumba.