Imani yangu inanifunga mimi, si mgonjwa wa kitanda cha pili

Baba mdogo alikufa kwa saratani ya koo. Wiki zake za mwisho alikuwa akimwomba muuguzi asimpe mofini mpaka amalize kuswali, maana alitaka akili yake iwe safi mbele ya Mola wake. Kusujudu alikuwa hawezi tena. Aliswali kwa kope: akizifumba taratibu kwenye rukuu, akizibana kwenye sijda. Muuguzi hakuwa Muislamu, lakini alisimama na sindano mkononi akamngoja.

Kitanda cha pili alilala bwana mmoja aliyekuwa akirudia neno lile lile usiku kucha: "Inatosha."

Mimi ni muumini. Naamini roho ni amana, na ile aya ya 29 ya Surat An-Nisaa inayotukataza kuziua nafsi zetu naisoma kama ilivyo. Nikifika alipofika baba mdogo, namwomba Mungu anipe subira. Dawa ya kuniondoa sitaitaka. Lakini ukiniuliza kama sheria imruhusu mtu mwingine, mwenye akili timamu na ugonjwa usio na tiba, asaidiwe kufa akiomba mwenyewe, nitasema ndiyo. Amana yangu nitaulizwa mimi. Na mtu akivumilia kwa sababu tu serikali imemzuia, sioni hiyo inaitwaje subira.

Askofu Mkuu Desmond Tutu aliishi na Injili maisha yake yote, na mwaka 2016, alipotimiza miaka 85, aliandika kwamba yeye mwenyewe angependa awe na hiari hiyo. Vatikani inakataa katakata. Hata hivyo Papa Pius XII alikubali mwaka 1957 kwamba mgonjwa anaweza kupewa dawa ya maumivu hata kama itafupisha maisha yake, mradi nia ni kumtuliza.

Jimbo la Oregon, Marekani, linatumia sheria yake tangu 1997. Mgonjwa awe mtu mzima, madaktari wawili wathibitishe kwamba hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 6, na dawa ainywe mwenyewe. Daktari asiyetaka halazimishwi. Wapo wengi wanaoandikiwa dawa hiyo na wasiinywe, wakafa kwa ugonjwa wao. Hao nawafikiria sana. Nadhani walichohitaji ni kujua tu kwamba mlango haujafungwa kwa nje.

Kinachonitisha ni kingine. Huko huko Oregon, wagonjwa wengi wakieleza sababu zao hutaja hofu ya kuwa mzigo kwa jamaa. Na Kanada mwaka 2021 ilipanua sheria yake iwafikie hata wasiokaribia kufa. Hapo mimi nagoma. Mlemavu aliyekosa nyumba, aliyekosa hata mtu wa kumwogesha, akiomba kufa, tumpe kwanza nyumba na mtu wa kumwogesha, halafu tumuulize tena. Na pasipo na dawa ya maumivu ya kutosha, sheria hii isipitishwe kwanza. Mtu anayelia kwa uchungu hajachagua chochote.

Yule bwana wa kitanda cha pili sikujua alitaka nini. Labda kufa. Labda maji, au mwanawe. Nilikaa hatua mbili kutoka kwake siku tisa, nikimsomea baba mdogo Yaasin, na sikumuuliza.