Sponji ya Vyombo Mdomoni mwa Kabureta

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa fundi wangu hapa Dodoma kubadilisha mnyororo, nikamkuta kijana mmoja wa bodaboda akiizunguka pikipiki yake kama mtu aliyetoka kuinunua. Alikuwa ameling'oa boksi la chujio la hewa, mahali pake akachomeka kiwiko cha bomba la PVC kilichofungwa kwa utepe wa tyubu, na mdomoni mwa kiwiko akakaza sponji ya kuoshea vyombo, ile ya kijani na njano. Akapiga kiki, akavuta mafuta, injini ikanguruma. “Mzee, sasa chombo kinapumua!” Gharama yote, aliniambia kwa fahari, haikufika shilingi 5,000.

Sina ugomvi na shilingi 5,000. Boksi la asili likivunjika masikio, bei ya jipya humfanya mtu atazame dumu la plastiki kwa jicho la upendo, nami nimewahi kulitazama hivyo. Kinachonikera ni kwamba sehemu pekee ya kazi ile iliyopaswa kufanywa kwa uangalifu ndiyo iliyofanywa kwa mzaha.

Injini ya kijana yule ni ya Kichina, mjukuu wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, na ujazo wake ni cc 124. Injini ya viharusi vinne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo katika mizunguko 6,000 kwa dakika, kama silinda ingejaa kila mara, ingemeza lita 372 za hewa kila dakika. Sasa mweke nyuma ya lori la kokoto mwezi wa Septemba. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya hukaa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zikasaga pande zote mbili bila kumwarifu mwenye mali, hadi siku moshi wa bluu unapotoka nyuma na fundi anapotaja habari ya kuchonga silinda na kununua pistoni ya saizi ya juu. Hapo ndipo ile shilingi 5,000 inapoanza kudai riba. Wahandisi wa Honda waliiunda CG wakijua kwamba itaangukia mikononi mwa watu wasio na mazoea ya kuihudumia, wakaziacha vali zake zisukumwe kwa fimbo ili isisumbue, na hata wao hawakuthubutu kuiacha bila boksi. Inaonekana hawakuwa na sponji.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kufanya vibaya zaidi. Chujio langu la kwanza nililikata kutoka kwenye godoro kuukuu. Mvuke wa petroli ulililainisha, likaanza kumeguka, na makombo yake yakaziba vile vitundu vidogo vya hewa vilivyo mdomoni mwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, mchanganyiko ukazidi mafuta, plagi ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nilimlaumu fundi kwa siku tatu.

Boksi ninalotumia sasa bado ni dumu, ila ndani yake mna sponji iliyotengenezwa kwa ajili ya vichujio vya pikipiki, ambayo naiosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, naikausha kivulini, naichovya katika oili na kuikamua, kwa sababu ni ule unato wa oili unaokamata vumbi laini. Mdomo wa dumu uko juu, chini ya kiti, mbali na joto la injini na maji ya mvua. Kwa kuwa hewa ilipita kwa urahisi zaidi kuliko zamani, plagi ilirudi nyeupe, ishara ya mchanganyiko uliopungua mafuta na injini inayochemka, nikapandisha jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, hatua moja. Kuhusu mngurumo, boksi ndilo lililokuwa likiumeza. Kuusikia si kuongeza nguvu.

Lakini sponji bora kuliko zote haina maana ikiwa hewa inapenyea pembeni. Bomba kati ya chujio na kabureta lazima libanwe kwa klempu ncha zote mbili, na kipimo chake ni rahisi: paka grisi nyembamba ndani ya bomba hilo, endesha juma moja, kisha ifute kwa kitambaa cheupe uone kama imekamata vumbi.

Nilimweleza kijana hayo, akacheka, ila alikubali grisi, labda kwa heshima ya mvi. Jana alinipungia mkono kituoni na kunionyesha kitambaa. Grisi ilikuwa ya rangi ya udongo, na alipoisugua kati ya vidole viwili ilikwaruza.

“Mzee,” aliniuliza, “lile dumu lako ni la lita ngapi?”