Mtoto akiendesha, msianze na mikono ya mama

Binti yetu alikuwa na miezi tisa alipoanza kuendesha, yaani kuhara. Ilikuwa Jumanne usiku. Kufikia alfajiri tulikuwa tumebadilisha nepi mara saba, zikatuishia, tukaanza kukata leso. Kulipopambazuka macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alikuwa akilia bila machozi. Hilo la machozi ndilo lililonitisha kuliko yote. Mtoto analia kwa sauti yake yote na uso ni mkavu.

Tulimbeba hadi kliniki. Muuguzi alimfinya ngozi ya tumbo, akaiachilia, na ngozi ikakawia kurudi. Kazi yake aliifanya vizuri, nasema hilo wazi. Alimpa maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, kwa kijiko, kidogo kidogo, na hakuturuhusu kwenda mpaka mtoto alipokojoa. Lakini kabla ya kijiko cha kwanza alimgeukia mke wangu, akamwambia: "Mama, nyinyi hamnawi mikono. Kila siku mnatuletea watoto hapa, na ni uchafu tu." Mke wangu akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama papo hapo, mfuko wa nguo za mtoto begani. Hakuna aliyeniuliza kama mimi nanawa, na jioni ile ni mimi niliyemlisha mtoto uji.

Miaka miwili imepita na maneno yale bado yananiuma. Kunawa mikono kwa sabuni ni jambo la maana, nasi twanawa. Ila nimeishi Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, muda wa kutosha kujua kwamba ugonjwa huu una milango mingi, na mingi yake mama hana ufunguo. Kila tunapomalizia habari kwenye mikono yake, wenye funguo wanaendelea na shughuli zao.

Nyumbani nako tulikuwa tumeambiwa ni meno. Shosho mmoja wa ploti yetu, mtu ninayemheshimu sana, alituambia usiku ule tulale tu, mtoto anaota meno, itapita. Naelewa imani hiyo ilikotoka. Meno huanza kuchomoza karibu na miezi sita, na miezi hiyohiyo ndiyo mtoto anaanza kula kitu kingine zaidi ya ziwa, anatambaa, anaokota kila alionalo sakafuni na kulitia mdomoni. Kinga aliyopewa na mama yake tumboni nayo inakuwa imepungua. Mambo manne yanagongana kwa wakati mmoja, na sisi tunalaumu lile linaloonekana. Hasara yake ni siku mbili za kungoja. Kuna na wale wanaopeleka mtoto "atolewe meno ya plastiki", ufizi ukachokolewa kwa kitu chenye ncha. Kinachotolewa pale ni chipukizi za meno yake halisi, na mtoto aliyekuwa anaendesha sasa ana kidonda juu ya kuendesha.

Kinacholeta ugonjwa ni vijidudu, na vya kuogopwa zaidi vinajulikana. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwa mojawapo kupitia upande wa Nyanza, ulitoa matokeo yake mwaka 2013. Ingawa visababishi ni vingi, vinne vilibeba sehemu kubwa ya mzigo: rotavirusi, kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, bakteria aitwaye shigela, na aina moja ya bakteria wa E. koli inayotoa sumu utumboni. Jambo lililonishtua zaidi katika utafiti huo ni kwamba mtoto aliyeugua kuhara kwa kiwango cha kati au kikali alikuwa na hatari ya kufa mara 8.5 zaidi ya mwenzake wa mtaa uleule ambaye hakuugua, katika miezi miwili hivi iliyofuata. Yaani ametoka kliniki, wazazi wameshukuru Mungu, na hatari bado iko naye nyumbani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuhara huua watoto karibu 440,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka.

Sasa mtazame rotavirusi. Chembe zake chache tu zinatosha kumlaza mtoto, na hukaa kwenye mikono, vikombe na vitu vya kuchezea. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani aliipata kabla ya kufika miaka mitano, hata katika nchi tajiri ambako maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa. Mama wa Uingereza mwenye sabuni ya kila harufu hakuweza kuizuia. Mtoto wake alinusurika kwa sababu hospitali ilikuwa karibu, naye hakuwa amedhoofika kwa njaa. Kilichopunguza kulazwa hospitalini ni matone ya chanjo mdomoni, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwezi Julai 2014, kuanzia wiki ya sita ya maisha. Kwa hiyo muuguzi angeanza kwa kuuliza kadi ya kliniki, angekuwa karibu zaidi na ukweli.

Na maji? Bomba linaloleta maji kwenye ploti yetu ni la plastiki, jeusi, unene wa kidole gumba. Linatoka barabarani pamoja na mengine kama hilo, yamesukana kama tambi, na kwa hatua kumi hivi linalala ndani ya mtaro wa maji taka. Palipounganishwa pamefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokazwa kwa waya. Siku ya maji utaona yakichuruzika pale. Lakini maji yetu ni ya mgao, siku mbili kwa wiki, tena usiku. Yakikatika, bomba hubaki tupu likanyonya, na pale yalipokuwa yakitokea ndipo mtaro unapoingilia. Yakirudi, yanasukuma kile kilichoingia hadi kwenye mtungi wa kwanza. Nimeyaona kwa macho yangu: rangi ya chai ya rangi, na harufu yake mtu hahitaji kuambiwa. Anayeweza kumwaga mitungi miwili ya kwanza ni yule mwenye pesa za kuimwaga, maana mtungi wa lita 20 tunaununua shilingi 10, na wakati wa uhaba bei hupanda mpaka mtu anahesabu vikombe.

Mtu ataniambia tuchemshe. Tunachemsha. Lakini tuhesabu vizuri: maji ya kunywa, ya kuoshea kikombe, ya kumwogesha mtoto anayemeza povu akicheka. Gesi ya mtungi mdogo haitoshi yote. Dawa ya klorini ni nafuu na inaua vingi, nasi huitumia, ila kriptosporidiamu huistahimili klorini. Kisha maji yaliyokuwa safi asubuhi yanakaa kwenye ndoo ya mdomo mpana, kila mtu anachovya kikombe na vidole. Ndoo yenye mfuniko na bomba dogo chini ingesaidia, na hilo nyumba nyingi zinaweza. Nalikubali.

Bado sijafika kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni saa za kazi. Mama wengi wa huku hufanya kibarua viwandani Industrial Area, au wanapanda kwenda kufua nguo mitaa ya wenye nacho. Likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo imo katika sheria ya ajira ya mwaka 2007, lakini wa kibarua cha kutwa hana wa kumdai. Mtoto wa wiki sita anapelekwa bebi kea, chumba cha kulelea watoto mchana, saa kumi na mbili asubuhi. Watafiti waliofuatilia watoto wa Korogocho na Viwandani, mitaa mingine ya mabanda ya Nairobi, walikuta, katika matokeo ya mwaka 2011, kwamba asilimia 2 tu walinyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Ziwa ni chakula kisichohitaji maji, kikombe wala moto, na lina kinga ndani yake. Watoto 98 katika kila 100 tumewanyima miezi hiyo sita ya ziwa peke yake, halafu tunawauliza mama zao kuhusu sabuni.

Bebi kea aliyokaa binti yetu ni chumba cha mabati, futi kumi kwa kumi. Siku moja niliwahesabu watoto kumi na tisa na mlezi mmoja. Poti ni moja. Uji wa kila mtoto umeletwa na mzazi wake ndani ya flaski au chupa, umepikwa saa kumi na moja alfajiri na utaliwa saa saba mchana. Kufikia saa hiyo haujapoa wala hauna moto, ni vuguvugu, na hapo bakteria huweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Yule mlezi si mzembe. Anafuta pua, anabembeleza, anaosha poti kwa maji ya ndoo ileile. Mwenye watoto kumi na tisa, akimaliza kumsafisha wa mwisho, wa kwanza ameshachafuka. Na kinyesi cha mtoto, ambacho wengi wetu tumelelewa kukiona si kichafu, kinamwagwa mtaroni. Mtaro uleule wa bomba.

Choo cha ploti yetu tunatumia nyumba kumi na nne. Usiku kufuli. Niseme nini zaidi?

Kuna utafiti uliofanywa vijijini Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, matokeo yakatoka mwaka 2018. Familia zilipewa klorini, zikaboreshewa vyoo, zikawekewa vifaa vya kunawia na sabuni, watu wakawatembelea kuwahimiza. Kuhara kwa watoto hakukupungua ikilinganishwa na familia zisizopewa kitu. Wengine waliacha kuitumia klorini kadiri muda ulivyokwenda, hilo ni kweli, na kijiji si Mukuru. Lakini linganisha na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, ambako klorini ilitiwa kwenye tangi la bomba la pamoja, maji yakatoka tayari yana dawa bila mtu yeyote kuhimizwa kitu. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu robo. Mama wa Dhaka hawakufundishwa usafi mpya. Mtu alitengeneza tangi.

Ndiyo maana nasema Kaunti ya Nairobi na kampuni ya maji waanzie kwenye bomba na mtaro, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imeshasema maji safi na viwango vinavyofaa vya usafi ni haki. Mabango ya kunawa mikono yaje, lakini yaje baada ya maji.

Kwa mzazi anayesoma akiwa na mtoto anaendesha sasa hivi: usikimbilie kemisti kuomba dawa ya kufunga tumbo. Kwa mtoto mdogo ni hatari. Antibiotiki nazo haziui virusi. Ukiona damu kwenye choo cha mtoto, hapo ndipo daktari anapaswa kuamua kuhusu antibiotiki, kwa sababu inaweza kuwa shigela. Mpe ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole kwa kijiko. Akishindwa kunywa, akilegea, macho yakizama au akikosa kukojoa, mbebe uende, hata kama ni usiku.

ORS ina historia inayonigusa. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwasukuma wakimbizi mpaka Bongaon, India, kipindupindu kikaingia, maji ya kutundika mshipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya sukari na chumvi kwenye maji, akawaachia jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Chumvi na sukari hupita pamoja ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4. Mikono iliyowanywesha wale watu ilikuwa ya mama, dada na waume zao, ndani ya kambi yenye tope.

Nilipokuwa nangoja binti yetu akojoe siku ile, niliangalia daftari la muuguzi pale mezani. Liliandikwa jina, umri, ugonjwa, dawa. Mwaka 1854, London, kipindupindu kilipozuka, daktari John Snow aliuliza nyumba kwa nyumba watu wanachota maji wapi, akafikishwa kwenye pampu moja ya Broad Street. Ningependa kliniki zetu ziulize maswali yafuatayo kabla ya lile la mikono: Maji mnachota bomba gani? Yalikatika lini mara ya mwisho? Mtoto anashinda wapi mchana? Choo mnatumia nyumba ngapi? Muuguzi akiyaandika majibu kwa mwezi mmoja, atakuwa na orodha ya mabomba, naye fundi atajua aanzie mtaro upi.