Kawasaki Concours 1000: injini nzuri yenye sifa mbaya

Itaje Concours 1000 mbele ya waendesha pikipiki wa Marekani, na hutakosa wa kukujibu kwamba hiyo ndiyo inayojiua injini. Ndiyo sababu mojawapo ya pikipiki ya safari ndefu, yenye silinda nne, shafti badala ya cheni, na masanduku yake ya pembeni, kuuzwa mkononi kwa bei ya skuta. Sifa hiyo haikutoka hewani. Ila wengi wanaoieneza hawaelezi kinachotokea, na anayekielewa anaweza kukizuia kwa kazi ya siku moja.

Petroli hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake tu, haina pampu. Inazuiwa mahali pawili. Kwanza kuna koki, inayofunguliwa na mvuto wa hewa wa injini inapowaka na kujifunga inapozimwa. Pili kuna sindano ya boya ndani ya kila kabureta, inayoziba njia petroli ikifika kiasi chake. Kiwambo cha koki, yaani ngozi nyembamba inayovutwa na hewa hiyo, kikichanika, na sindano ikanaswa na utando unaoachwa na petroli iliyolala miezi yote ya baridi, mafuta yanaendelea kutiririka pikipiki ikiwa imeegeshwa. Kabureta nyingi zina kimrija cha kumwaga ziada chini, ukiona dimbwi unajua kuna tatizo. Hizi hazina. Petroli inaingia kwenye silinda ambayo valvu yake imesimama wazi, na wewe huoni kitu.

Sasa piga hesabu. Injini ya cc 997 inatoa takriban cc 249 kwa kila silinda, na mgandamizo ni 10.2 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama cc 27. Hivyo ni vijiko viwili vya mezani, havifiki. Hewa inabanika, petroli haibaniki. Stata peke yake ikigonga kizuizi hicho, injini husimama kwa mshindo mmoja na mara nyingi hakuna kilichovunjika. Balaa ni pale silinda nyingine zinapowaka na kuilazimisha ile iliyojaa imalize mzunguko: kono la pistoni, lile linaloiunganisha na krankshafti, linapinda. Mtu anaweza hata kuendelea kuiendesha, mpaka sauti ya kugonga imwambie kilichotokea.

Angalia lakini kwamba lazima koki na sindano vishindwe kwa pamoja. Hilo ni kosa la matunzo kuliko la chuma, ingawa Kawasaki waliiunda toka 1986 hadi 2006 na vile vimrija wangeweza kuviweka. Tiba yake haina siri. Toa koki ya asili, funga ya mkono, na uifunge kila unapoegesha. Badilisha sindano zote nne, usibadilishe moja iliyoharibika ukaacha tatu za umri uleule. Weka filta kwenye mpira wa petroli. Ukiwa unayafungua makabureta, vimrija vya ziada vinaweza kuongezwa, na wapo mafundi wa Marekani waliobobea katika hilo. Kabla ya kuilaza kwa majira ya baridi, funga koki kisha mwaga petroli iliyobaki kwa skrubu za chini ya kabureta.

Na stata ikikwama kwa mshindo, usibonyeze tena. Toa plagi zote nne, zungusha krankshafti kwa spana mpaka petroli itoke, mbali na cheche yoyote. Halafu mwaga oili, kwa sababu petroli huwa imeshapenya kwenye ringi na kuiharibu oili hiyo.

Wanaoikataa wana hoja nyingine, na hizo hazizibwi kwa koki. Valvu zinatakiwa kukaguliwa kila kilomita 10,000 hivi. Kuziseti kwenyewe ni skrubu na nati, huhitaji kununua kipande chochote, lakini kuzifikia ni kutoa tangi na maplastiki. Anayelipa fundi kwa saa ataona huduma chache zinaikaribia bei ya pikipiki. Uzito nao: inakaribia kilo 300, na tangi la lita 28.5 likijaa linabeba takriban kilo 21 za petroli juu karibu na usukani. Kwenye foleni, kwa mtu mfupi, hiyo ni adhabu.

Zito zaidi ni breki. Concours hii haikuwahi kupata ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki kwa nguvu, hata baada ya 1994 ilipobadilishiwa sehemu ya mbele. IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, ililinganisha pikipiki za aina ileile zenye ABS na zisizo nayo, ikakuta ajali za vifo ni pungufu kwa asilimia 22 kwa zenye nayo. Mtu anayekwenda kazini kila siku katika mvua ya Seattle aiweke namba hiyo kwenye mizani kabla ya bei, na akinunua pikipiki nyingine sitambishia.

Lakini kwa anayeshika spana mwenyewe na ana mahali pa kuiegesha ndani, mbadala wa bei hiyo ni mgumu kupatikana. Tangi moja linavuka kilomita 400 bila wasiwasi. Hakuna cheni ya kupaka wala sproketi za kununua: oili ya difu, na grisi ya moli (yenye molibdeni) kwenye meno yanayounganisha gurudumu la nyuma na shafti, kila unapobadilisha tairi. Hiyo grisi wengi huiruka, meno yakaisha, wakalaumu shafti. Na kwa kuwa iliundwa miaka 20 kwa mabadiliko machache, vipuri vingi vya injini vya pikipiki iliyogongwa ya 1992 vinakaa kwenye ya 2004.

Ukienda kuiona, ikute ikiwa baridi. Nusa oili. Ikinuka petroli, au kiwango kikiwa juu ya alama, pima mgandamizo wa silinda zote nne kabla ya kutaja bei. Moja ikiwa chini mbali na wenzake, mrudishie mwenyewe funguo.